Koti la Studio

Linaning'inia msumarini nyuma ya pazia la bluu,
koti moja, jeusi, bega la kushoto limepauka kwa jua la dirishani.
Mgongo umepasuliwa toka ukosini hadi kwenye pindo
ili limwenee kila mtu: mnene, kijiti, mjane, bwana harusi.
Unaingiza mikono kwa mbele, kama mtu anayekumbatia.
Kamera haioni mgongo.
Mzee Eliufoo alinifundisha hilo siku ya kwanza,
kabla hata ya kunionyesha taa inawashiwa wapi.

Mwaka wa kumi na moja huu, kichochoro cha nyuma ya stendi, Moshi,
nabana vibanio vya nguo
migongoni mwa watu nisiowajua.

Alikuja dereva wa lori la saruji, picha za mkopo.
Mlangoni: "We mrembo, fanya chapu nimeziba njia."
Mikono ilipopita tu kwenye lile koti
sauti ikashuka, ikakauka kama ya karani wa mahakama:
"Naomba tufuate utaratibu, dada."
Utaratibu!
Na lori bado limeziba njia.

Alikuja Mama Ndeshi, anauza mtori pale Mbuyuni,
mwenye sauti inayovuka barabara bila kushikwa mkono.
Nikamwambia, tabasamu kidogo.
Akanijibu kwa midomo iliyobanwa, pengo likiwa limefungiwa ndani:
"Hii ni ya benki. Benki haichekewi."

Kuna kijana alitaka sita. Nne za kuombea kazi,
mbili za kumpelekea mtu Singida.
Za Singida akalivua koti, akalegeza jicho la kulia.
Nilipozikata kwa mkasi mezani
nilizipanga mbalimbali, zisije zikagombana.

Simcheki mtu.
Simu ya mama mkwe ikiita kutoka Kibosho
nasimama kitini, kana kwamba ananiona,
na Kichaga changu cha kuokoteza nakifuta vumbi.
Akipiga mwenye nyumba, nakohoa kwanza.
Mwanangu Aikande aliwahi kuniuliza, kalamu mdomoni:
"Mama, leo umeongea na wangapi,
na wewe ulikuwa wangapi?"
Nikamwambia amalize hesabu zake.

Mzee Eliufoo alifariki Agosti, ile baridi ya kukata masikio.
Wanawe wakaja kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza.
Tukafungua makabati, makopo ya biskuti, bahasha zilizoliwa na mende:
nusu ya mji ilikuwamo, yeye hayumo.
Nilikuwa na moja. Nilikuwa najaribu taa,
yeye amelivaa koti, amenipa mgongo, anafoka kuhusu bili ya umeme.
Pale kitambaa kinapoachana
singlendi ina tundu, na kibanio chekundu
kinaninginia kama ndege asiye na haraka.
Wakaitazama kwa muda.
Yule mkubwa akasema, "Hatuwezi kumzika baba kinyumenyume."

Wakakuza ile ya kitambulisho.
Kule Uru watu walipita mbele ya mzee mkali, kavu, wa serikali,
na bibi mmoja akaninong'oneza: "Mbona huyu simjui?"
Hata mimi, bibi.
Nilikuwa nimevaa kanga ya msiba ya kuazima
na nilikuwa nalia kwa kipimo, kwa kuwa mimi si wa ukoo.

Jumatatu nikafungua.
Akaingia mtu mzima, anataka picha za pasipoti.
Nikalishusha koti, akanyoosha mikono kama mtoto anayevalishwa sweta.
Nilipombana nyuma, shati lake lilikuwa limelowa chapachapa,
ingawa usoni alikuwa mkavu kabisa,
mtu wa safari, mtu wa mambo yake.
"Mlima umetoka leo?" akauliza, macho dirishani.
"Umetoka kichwa na mabega," nikamwambia.
"Tulia hapo hapo. Kidevu juu."